Maji ya Kuoga Yapo

Wanawake wa jumuiya ya Mtakatifu Anna, pale Michenga, walikuwa na kawaida yao ambayo padri hakuwahi kuambiwa. Kila Jumamosi asubuhi walisali nyumba kwa nyumba kwa zamu, wakasoma Injili, wakaimba wimbo wa mwisho, na wimbo ukiisha hakuna aliyenyanyuka. Agnella, mwenyekiti wao, alijifanya anakusanya vitabu vya nyimbo, na aliviokota taratibu mno kwa mtu mwenye vitabu sita. Hapo ndipo filamu zilipoanza kujadiliwa. Nani kaona ipi, nani kalia wapi, nani anastahili kuachwa na nani anastahili kwenda jela. Mavuno yakiisha na mpunga ukiwa ndani, ving'amuzi vya kijiji kizima huwa hai, na watu walioinamia majaruba tangu Januari hupata kukaa chini na kuangalia shida za wenzao.

Katika kikao hicho neno la mwisho lilikuwa la Ursula, mama Jenifer. Si kwamba alisema sana. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na miwili, mwenye magoti yanayolia akikaa na yanayolia akisimama, na maoni yake yalikuwa mafupi. "Ile ni ndefu bila sababu." "Yule kijana anaigiza vizuri akinyamaza." "Mama mkwe hana kosa, kosa ni la aliyeandika." Akishasema hivyo filamu imehukumiwa, na Agnella alifunga kikao kwa ishara ya msalaba.

Basi huyo Ursula, Jumamosi ya pili ya Julai mwaka jana, aliulizwa maoni yake juu ya filamu moja tu, akakosa la kusema. Ili ieleweke kwa nini, lazima turudi nyuma miaka kumi na tisa, kwenye banda la video la Gaudensi.

Banda lenyewe lilikuwa la matete, likazibwa matundu kwa mifuko ya saruji. Benchi nane, runinga moja yenye kisogo kikubwa, deki, na jenereta nje linalonguruma mpaka mtu asikie usingizini. Umeme wa nguzo ulikuwa haujafika Michenga. Gaudensi alikuwa mtafsiri. Alikaa pembeni ya runinga na maiki yake, na kila mtu kwenye filamu alipofungua mdomo, Gaudensi alisema kwa Kiswahili alichokuwa anasema. Matajiri aliwapa sauti nzito, wasichana aliwapa sauti nyembamba, na polisi wote wa dunia aliwapa sauti ya polisi mmoja wa Ifakara aliyewahi kumkamata. Alitafsiri filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani, na ukweli ni kwamba kati ya lugha hizo hakuijua hata moja. Kiingereza alikijua cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Watu walijua hivyo na hawakujali. Walisema filamu bila Gaudensi ni chai bila sukari.

Mwaka huo Ursula alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na uchovu wake ulikuwa ule wa mtu mwenye nguvu, unaokwisha ukilala. Mumewe, Osward, alikuwa amekwenda Uchindile kupanda miti kwenye mashamba ya mbao, kazi ya miezi mitatu. Miezi mitatu ikawa mwaka, mwaka ukawa mitatu. Barua ilikuja moja. Habari zikaja nyingi: kwamba Osward ana nyumba kule, na ndani ya nyumba kuna mwanamke. Katika miaka hiyo mtoto wao wa pili, Alex, alishikwa na malaria akafariki akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Waliomzika ni Ursula, jumuiya na katekista. Jenifer, mkubwa wake, alikuwa na miaka tisa, akapewa mshumaa ashike.

Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Ikasikika kwamba Osward ameonekana Ifakara, amekonda, kibarua kimekwisha na yule mwanamke amemtoa nje. Ndugu zake wakaja kwa Ursula kupima upepo. Aliwaambia mbele ya jumuiya nzima kwamba mtu huyo asikanyage kwake, na ili waamini, akazifunga nguo zake na za Jenifer kwenye mfuko, tayari kurudi kwa wazazi wake upande wa Mahenge mara mpunga utakapotoka shambani.

Jumamosi moja mchana, mfuko ukiwa tayari umefungwa, Agnella alimvuta mkono kwenda bandani. "Njoo ucheke kidogo, mwenzangu." Kumbe siku hiyo hapakuwa na cha kucheka. Ilikuwa filamu ya Kihindi ya mama mmoja aliyetelekezwa na mumewe, akamzika mwanawe peke yake, akahangaika mpaka akajenga nyumba. Mwishoni mume anarudi. Amesimama nje ya geti la chuma na begi mkononi, mvua inamnyeshea. Mama anatoka ndani, anatembea mpaka getini, anaweka mkono kwenye komeo. Hata waliokuwa wanatafuna miwa wakaacha. Mama akafungua mdomo, na Gaudensi, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kabla, ya chini, isiyo na mbwembwe hata kidogo, akasema:

"Ingia. Maji ya kuoga yapo."

Papo hapo runinga ikazimika. Jenereta liliendelea kunguruma nje, watu wakapiga kelele, "Waya! Waya!" Gaudensi akatangaza kwenye maiki kwamba deki imeungua, na kwamba hata hivyo filamu imekwisha, waende salama. Wengi walipiga makofi. Wanawake walilia, na Agnella alilia kuliko wote. Ursula hakulia. Alibaki kwenye benchi mpaka watu wakaisha, akiwaza kwamba kama yule mama, aliyetendwa vibaya kuliko yeye, ameweza kufungua, basi labda kufungua si kushindwa.

Kesho yake baada ya misa, Osward alisimama nje ya uzio wa Ursula na begi mkononi. Hapakuwa na mvua. Ursula alimwangalia muda mrefu, kutoka kichwani mpaka miguuni. Kisha akasema maneno yale yale, bila kupunguza hata moja, na akaenda kuchemsha maji, kwa sababu kusema kweli hayakuwepo.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Lakini wahenga hawakusema lolote juu ya avuaye nguo kuwa mmoja na achemshaye kuwa mwingine. Kwa miaka kumi na tisa, kila siku saa kumi na mbili jioni, Ursula alibeba ndoo mpaka bafuni na kuita, "Baba Jenifer, maji yapo!" Alichemsha wakati wa kuvuna, mikono ikiwa imechanwa na majani ya mpunga. Alichemsha akiwa na homa. Alichemsha hata Novemba, joto la Kilombero likiwa limekaa juu ya watu na hakuna aliyetamani hata chai. Neno lilikuwa limetoka, na yeye ni mtu wa neno lake.

Osward hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililochosha zaidi. Mume mbaya unajua umfanye nini, na jumuiya itakusaidia. Huyu hakupiga, hakulewa, hakuitaja tena Uchindile. Kila tarehe mbili Novemba, siku ya marehemu wote, aliamka kabla ya Ursula, akaenda kupalilia kaburi la Alex, akarudi na jembe begani bila kusema neno. Kusema ndiko kulikomshinda. Ukimtuma alikwenda, usipomtuma alikaa. Tangu aanguke na baiskeli yenye gunia, miaka mitatu iliyopita, mgongo wake ulikuwa jibu la kila swali. Alikaa kwenye kochi mbele ya runinga, na juu ya filamu yoyote ile alikuwa na maoni mawili tu: "Nzuri," na "Wanaongea sana."

Umeme ulipofika, banda lilikufa. Watu walianza kuangalia nyumbani kwao, na zile filamu za zamani zikaanza kurudi kwenye runinga, sasa zimetafsiriwa na watu wanaojua lugha. Gaudensi akaanza kuumbuka. Leo inagundulika kwamba yule kaka aliyeliliwa na kijiji kizima hakuwa kaka bali mchumba. Kesho inagundulika kwamba yule jambazi aliyezomewa alikuwa daktari. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na waliokutana naye barabarani walimsimamisha wampe maoni. Alicheka nao. Alikuwa amehamia Ifakara, amefungua kibanda cha ufundi wa ving'amuzi karibu na stendi, na dishi la Ursula alilifunga kwa mikono yake mwenyewe. Mtu anapanda juu ya paa la mwenzake kufunga kitu kitakachokuja kumuumbua, halafu anashuka na kuomba maji ya kunywa.

Ile ya geti ilirudi Jumapili ya kwanza ya Julai, mchana. Ursula aliitambua kwa wimbo wake wa mwanzo.

"Baba Jenifer! Si ile ya Gaudensi hii? Ya geti?"

Osward aliangalia runinga kidogo, akashika kiuno, akasimama.

"Unakwenda wapi?"

"Naangalia kuku."

"Kuku wana nini?"

"Naangalia tu."

Akatoka. Ursula akaangalia peke yake, akaona filamu aliyoijua na asiyoijua. Yule mzee mcheshi hakuwa mjomba. Yule jirani mwema hakuwa mwema kiasi kile. Hayo aliyazoea. Alingojea geti, na alikuwa na furaha kidogo kulingojea, kama mtu anayekwenda kutembelea mahali alipofungia ndoa. Mvua ikanyesha. Mume akasimama na begi. Mama akatoka, akatembea, akaweka mkono kwenye komeo, na sauti safi ya binti wa studio ikasema kwa Kiswahili kisicho na doa:

"Nilikungoja mpaka mwanangu akafa. Sasa sikungoji tena. Nenda."

Komeo likapigwa. Geti lilikuwa limefungwa tangu mwanzo, na sasa lilifungwa zaidi. Mama akarudi ndani, akajimiminia chai, akainywa peke yake mezani, na filamu ikaisha.

Likaja tangazo la sabuni. Likaja jingine. Ursula alibaki amekaa, mikono mapajani. Saa kumi na mbili Osward alichungulia mlangoni, hakuangalia runinga wala hakumwangalia yeye.

"Maji vipi?"

Akachemsha. Mikono ilikwenda yenyewe.

Jumamosi iliyofuata jumuiya nzima ilikuwa imeiona, na wimbo wa mwisho uliimbwa haraka kuliko ilivyo heshima. Agnella hakujifanya hata kukusanya vitabu.

"Heko yule mama!" alisema. "Alifunga! Mimi niliruka kwenye kochi. Kumbe Gaudensi alituuzia mbuzi kwenye gunia miaka yote hii! Ningekuwa mimi ningefunga na kufuli juu."

"Lakini Mungu anasema tusamehe," alisema mwingine.

"Samehe, halafu funga. Kusamehe hakuna komeo?"

Walicheka, wakabishana, wakagawanyika pande mbili, za kufunga na za kufungua. Kisha, kama kawaida, wote wakageuka kwa Ursula.

"Mama Jenifer, unasemaje wewe?"

Ursula alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Agnella ndiye aliyekumbuka. Alikumbuka benchi, alikumbuka machozi yake mwenyewe, alikumbuka Jumapili ile na mtu mwenye begi. Akaziba mdomo kwa kanga.

"Niacheni kwanza," alisema Ursula. "Nimechoka."

Siku hiyo kikao kilifungwa bila hukumu.

Jumatatu alidandia pawatila, trekta dogo la mkono lenye tela, lililokuwa linapeleka mpunga mashineni Ifakara, akakaa juu ya magunia na mfuko wake wa nguo miguuni. Osward alikuwa amesimama mlangoni. "Naenda Ifakara," alimwambia. Osward hakuuliza mfuko ni wa nini.

Alimkuta Gaudensi kibandani, ameinamia rimoti iliyofumuliwa. Nywele zake zilikuwa zimeshakuwa nyeupe, lakini sauti ilikuwa ileile.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, mama Jenifer! Dishi limeyumba?"

"Dishi ni zima. Ndiyo shida yenyewe. Nimeiona ile ya geti."

Gaudensi aliweka bisibisi chini. Akamsogezea kiti, akakifuta kwanza kwa kiganja.

"Kila nikifunga dishi Michenga," alisema, "nilikuwa naomba wasije wakaionyesha hiyo."

"Zile nyingine ulikosea kwa kutojua, na sisi tulijua kwamba hujui. Hii je? Geti linaonekana kwa macho, Gaudensi. Linafungwa. Hata kiziwi analiona."

"Ndiyo maana nilivuta waya. Ulipita chini ya kiti changu. Niliuvuta kwa mguu."

Nje, makondakta wa mabasi ya Mlimba walikuwa wanaita abiria.

"Osward alikuja kwangu jana yake, Ijumaa," Gaudensi aliendelea. "Alikuwa amejificha siku tatu kwa binamu yake karibu na mto. Alisimama mlangoni mwa banda mpaka nikadhani ni mwizi. Akaniambia, nimesikia wanawake wa jumuiya wanakuja kesho, na mke wangu huenda akawemo. Akaniambia, Gaudensi, mimi sijui kusema. Wewe unajua. Nisemee. Mimi filamu huwa naiangalia kwanza peke yangu, nipange nani mbaya nani mwema, na ile nilikuwa nimeshaiangalia. Nikakumbuka lile geti. Nikamwambia, nenda kwake keshokutwa baada ya misa, uende na begi."

"Ukafanya hivyo bure tu?"

Gaudensi alikuna kichwa. "Alinipa kambale. Mkavu."

"Kambale mmoja?"

"Mmoja. Ila mkubwa."

Kicheko kilimtoka Ursula bila kukitarajia, kirefu, mpaka mtu aliyekuwa anapita akageuka. "Posa ya kwanza alileta mbuzi watatu," alisema. "Ya pili kambale mmoja."

"Basi ulishuka bei," alisema Gaudensi, na akajuta palepale, maana kicheko kilikuwa kimekatika na Ursula alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako imenitembeza miaka kumi na tisa."

"Dada yangu, mimi sikukwambia ufungue kwako. Niliyemsemea ni yule wa kwenye tivii."

"Sikuwa na mwingine wa kumwangalia," alisema Ursula. "Mtoto nilizika peke yangu, mume amekwenda, mama yangu yuko mbali. Nilikaa kwenye benchi yako nikamwangalia yule mwanamke nijue watu hufanyaje. Ukanidanganya."

Gaudensi hakuwa na sauti ya kulijibia hilo. Alikuwa na sauti za watu wengine tu. Alimsindikiza mpaka stendi akimbebea mfuko, na alidhani anamsindikiza arudi Michenga, lakini Ursula alipanda basi la kwenda Mchombe, kwa mdogo wake Levina.

Alilala siku mbili. Levina, mjane mwenye shamba lake na kinywa chake, alimpa uji, akamwacha. Siku ya tatu walikaa barazani wakipeta mchele, na Ursula akasimulia yote, kuanzia benchi mpaka kambale.

"Sasa tuseme," Levina aliuliza, "siku ile ungejua yule mama alifunga. Na wewe ungefunga?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Mfuko ulikuwa umeshafungwa, maneno ameshayasema mbele za watu. Ursula alipeta, akapuliza makapi, akapeta tena.

"Sijui," alisema. "Osward siku ile alikuwa amevaa viatu visivyofanana. Kimoja cheusi, kimoja cha kahawia. Hilo Gaudensi hakulitafsiri. Nililiona mwenyewe."

"Sasa unamtaka au humtaki?"

"Mimi nadhani sijamchoka yeye, Levina. Nimechoka kuchemsha."

"Mwambie hivyo."

"Atasema wanaongea sana."

Levina alicheka mpaka ungo ukayumba. Ursula hakucheka. Alikuwa anaona wazi kwamba kuna mambo mawili mbele yake, kurudi au kutorudi, na kwamba safari hii hakuna banda la kwenda kuangalia. Akibaki Mchombe, atabaki kwa akili yake. Akirudi, arudi kwa akili yake. Jambo hilo, alilolikosa miaka yote, sasa alipolipata lilimwelemea, akaona uvivu hata kulishika.

Ijumaa asubuhi Agnella alipiga simu. "Mwenzio hajaoga tangu Jumatatu," alisema bila salamu. "Watu wanamletea chakula, anakula. Lakini anakaa getini mchana kutwa. Jana nimempita mara tatu. Nikamuuliza unangoja nini, akaniambia anaangalia kuku. Mama Jenifer, kuku wako nyuma ya nyumba."

Ursula alifika Michenga jioni, saa kumi na moja na nusu. Geti lao lilikuwa la mbao, linafungwa kwa waya. Osward alikuwa amesimama upande wa ndani, ndevu zimeota, shati lile lile la Jumatatu. Alipomwona hakugusa waya. Ursula naye hakuugusa. Akaweka mfuko wake chini.

"Gaudensi amenipigia," alisema Osward. "Amesema amekwambia."

"Ameniambia."

"Na ya kambale?"

"Na ya kambale."

Osward akaangalia chini.

"Kwa nini hukuja mwenyewe?" aliuliza Ursula. "Kwa nini hukusimama hapa ukasema mwenyewe?"

"Ningesema nini? Mtoto anakufa, mimi niko Uchindile. Hilo lina maneno?"

Kwa miaka kumi na tisa Ursula hakuwahi kumsikia akimtaja mtoto. Alishika mbao ya geti.

"Yana ubaya," alisema, "lakini yapo. Ungeyasema hata hayo mabaya. Ningeyapokea kuliko ya kukodi."

Osward akatafuna midomo, akashika mgongo, akauachia.

"Nilikosa, mama Jenifer," alisema hatimaye. "Nilikosa sana. Kila nikilima pale kaburini namwambia yeye. Wewe nilishindwa kukwambia."

Ursula alilia, na hakujificha. Alipomaliza alijifuta uso, akamwangalia mumewe kutoka kichwani mpaka miguuni, kama siku ile. Leo alikuwa peku.

"Basi," alisema. "Leo Gaudensi hayupo. Niko nje na mfuko ninao. Sema wewe."

"Ingia," alisema Osward.

"Halafu?"

"Maji ya kuoga..." Akageuka kuangalia jikoni. Mlango wa jiko ulikuwa umefungwa na kuni zilikuwa palepale zilipoachwa Jumatatu. Angeweza kumalizia, Ursula mwenyewe alimalizia siku ile na maji hayakuwepo. Lakini Osward aligeuka tena, akamwangalia usoni. "Hayapo," akasema. "Sijachemsha."

"Kachemshe."

Akafungua waya, akaliacha geti wazi, akaenda jikoni polepole, mkono mmoja mgongoni. Alisikika akiangusha sufuria. Alisikika akipuliza moto na kukohoa. Moshi ukatoka juu ya paa la jiko, mwingi na mzito, moshi wa mtu asiyejua kuchagua kuni kavu.

Agnella akapita na vitabu vyake vya nyimbo kwapani, akamkuta Ursula amekaa juu ya mfuko kando ya barabara, miguu ameinyoosha.

"Umerudi! Mbona umekaa nje, mwenzangu? Geti si liko wazi?"

"Naliona."

"Sasa?"

"Nasubiri maji," alisema Ursula.